Upande Uliotazama Udongo

Jumamosi ile kanisa letu hapa Tawa lilikuwa limepokea katoni za vitabu kutoka ng'ambo, za msaada, na sisi akina mama tukaitwa kuzifungua. Mama mchungaji aliketi kwenye benchi la mbele akitoa hukumu. Biblia na vitabu vya nyimbo, kulia. Vya shule, kushoto. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye saruji, kitindamimba wangu wa miaka mitatu mgongoni akinivuta kitambaa cha kichwa, nikachomoa kitabu kipana cha jalada gumu, kimevimba kwa maji kama andazi.

"Hicho nacho ni cha nini?" mama mchungaji akauliza.

"Katuni."

"Za Yesu?"

"Za watu wa angani."

"Weka pale mlangoni. Zitawasha jiko la chai."

Sikuweka. Kwenye jalada alikuwa amesimama yule kapteni mwenye helmeti inayong'aa kama sufuria mpya, na nyuma yake, akining'inia nje ya roketi kwa kamba moja nyembamba, yule fundi mwanamke mwenye nywele nyekundu. Sikuwa nimewaona hawa watu tangu utotoni. Wewe ungelia kwa furaha, najua. Mimi nilisema, kwa sauti ndogo ili Mungu asisikie sana, "Leo nimekushika, Mwalimu."

Nilikiingiza chini ya kanga, kati yangu na mtoto, nikaenda nacho nyumbani. Huyo Mwalimu ni nani na nilikuwa namshikia nini, ngoja nikuelezee, kwa sababu hasira yangu si ya jana.

Nilikulia upande wa Mutomo, kule ambako mbuzi wanapanda miti kutafuta jani na mto ni mchanga mtupu mpaka uuchimbe. Ilikuwa miaka ya sabini. Jirani yetu, mama mmoja mrefu asiyependa maneno mengi, alikuwa akifua na kupiga pasi nyumbani kwa daktari mzungu. Watoto wa daktari walikuwa wakitumiwa magazeti ya katuni kutoka kwao Uingereza, kila wiki gazeti. Wakishasoma yanarundikwa stoo, na stoo ikijaa jirani anaambiwa achukue. Yeye hakujua kusoma na hakutaka kujua. Alichotaka ni karatasi ya ukuta.

Kama ulikulia nyumba ya udongo unaelewa. Kila Desemba, kabla wanaume hawajarudi kutoka Mombasa na Nairobi, akina mama wanakandika nyumba upya. Ukuta ukikauka, mwenye bahati ya karatasi anabandika. Anapika uji mzito wa unga, anaupaka kwa kiganja, anabandika kutoka juu ya kitanda mpaka mlangoni. Vumbi haliangukii chakula tena, na koroboi ikiwashwa chumba kizima kinaonekana kama mahali pa harusi. Kuku tu ndio shida. Kuku wanapenda ile gundi ya unga, kwa hivyo katika kila nyumba picha za chini zilikuwa zimedonolewa, na watu wake wote hawana miguu.

Kwetu hakukubandikwa kitu. Baba alikuwa mzee wa kanisa na alikuwa na msimamo. "Watu wa kichwa cha sufuria hawataingia kwangu," alisema siku mama alipomwomba ruhusa, na hiyo ikawa sheria. Ukuta wetu ulikuwa wa udongo, umelainishwa vizuri, safi, na niliuchukia kama vile watu wengine wanavyochukia kijiji kizima. Kwa jirani unaingia unapokelewa na nyota. Kwetu unaingia unapokelewa na nyufa.

Na ule ukuta ulikuwa na mwenyewe. Hakuwa jirani. Alikuwa binti yake, tuliyesoma naye darasa moja, msichana mwembamba mwenye pengo mbele na kiburi kinachomzidi urefu. Ukitaka kuona, unamwomba yeye. Anasimama mlangoni, mkono mmoja huku na mkono mwingine huku, anauliza, "Miguu umefuta?" Miguu! Kwenye nyumba ambayo mbuzi wanalala!

Sasa sikiliza shida yenyewe. Kila gazeti lilikuwa na hadithi ya wale watu wa roketi kwenye ukurasa wa kwanza, kwa rangi, na mwisho wake ukiwa nyuma ya huo huo ukurasa, bila rangi. Jirani alibandika rangi itazame watu. Ungefanya hivyo hivyo. Kwa hivyo nusu ya hadithi ilikuwa inatutazama sisi na nusu nyingine ilikuwa inatazama udongo, imeshikwa na uji, milele. Kapteni anaingia kwenye pango, kuna macho gizani. Ukienda ukurasa unaofuata, kapteni yuko nje ya pango amepanda mnyama mwenye shingo tatu, anacheka. Alitokaje? Huyo mnyama alimtoa wapi? Jibu liko hapo hapo, unene wa karatasi tu, na huwezi kulifikia.

Binti wa jirani alisema analijua.

"Mimi niliona kabla mama hajapaka gundi," alisema. "Niliona nyuma zote."

Rafiki yangu, sijawahi kumwonea mtu kijicho kama nilivyomwonea yule msichana siku ile. Si nguo, si viatu, alikuwa hana viatu kama mimi. Nilimwonea kijicho kwa sababu ya macho yake. Nilimtazama usoni nikafikiria kwamba ndani ya hicho kichwa kuna nusu ya dunia ambayo mimi nitakufa bila kuiona. Nyanya alinikuta nimenuna karibu na jiko akaniambia wivu ni kama moshi wa kuni mbichi, analia yule aliyekaa karibu nao. Nikamwambia basi moshi uniue. Akanipiga na mwiko, pole pole.

Na binti wa jirani hakuwa akitoa kitu bure. Kazi yake ya jioni ilikuwa kutwanga mahindi ya muthokoi, na wewe unajua kutwanga muthokoi si mchezo. Unanyunyizia maji kidogo, unatwanga mpaka ganda litoke na punje isivunjike, na ikivunjika mama anapiga kelele. Yeye aliketi kwenye jiwe akikunja sketi yake vizuri. Mimi nilishika mchi.

"Twanga," ananiambia.

Natwanga. Du, du, du.

"Basi kapteni akasikia harufu. Harufu gani? Twanga."

Natwanga.

"Harufu ya mnyama aliyenyeshewa. Mbona umesimama?"

Hivyo ndivyo nilivyopata zile kurasa za udongo, moja moja, kwa mikono yenye malengelenge. Nyumbani mama alikuwa akiniuliza kwa nini naenda kutwanga kwa watu na kinu chetu kiko hapo kimelala. Ningemwambia nini?

Lakini kulikuwa na moja aliyokataa. Ilikuwa juu ya kitanda, picha kubwa kuliko zote. Fundi mwanamke ametoka nje ya roketi kuitengeneza, ananing'inia kwa kamba, chini yake nyota na giza, na adui mwenye miguu kama ya panzi anaikata ile kamba. Imebaki uzi. Mwisho wa ukurasa. Kwenye ukurasa unaofuata fundi amekaa ndani anakunywa kitu kwenye kikombe, na vazi lake halina mkono mmoja. Mkono wa kulia uko wazi mpaka begani.

Alirudije ndani? Ule mkono wa nguo ulienda wapi? Nilitwanga kuhusu hiyo kitu tangu mbaazi zikiwa maua mpaka zikavunwa. Aliniambia hadithi zingine zote. Hiyo alikuwa anaangalia pembeni anasema, "Hiyo bado."

Mpaka siku moja, tumetoka kuteka maji mtoni, punda wametangulia, akaanza tu mwenyewe bila kuombwa. Alisema yule fundi alipoona kamba inakatika hakulia. Alishika mkono wa nguo yake kwa meno akaurarua. Akaufumua uzi kwa uzi. Halafu, akiwa anaelea hapo kwenye giza, akakunja mguu, akaanza kuzisokota zile nyuzi juu ya paja lake, vile nyanya zetu wanavyosokota katani ya kiondo, anatema mate kwenye kiganja, anasokota, anaunga, anasokota, mpaka akapata kamba mpya ndefu, akairusha ikashika mlango wa roketi. Yule adui wa miguu ya panzi alikuwa amesimama hapo anamwangalia tu, mdomo wazi, kwa sababu kwao hakuna mtu anajua kusokota.

Nilisimama katikati ya njia na mtungi wangu. Niliangalia paja langu. Tangu siku hiyo nilienda kukaa kwa nyanya nikajifunza kusokota, na nilisokota vizuri kuliko dada zangu wote, kwa sababu wao walikuwa wanatengeneza kiondo na mimi nilikuwa najiokoa.

Miaka ikaenda. Nilipelekwa sekondari ya bweni huko Migwani, na likizo moja nilirudi nikakuta jirani amejengewa nyumba ya matofali. Ule ukuta ulikuwa umebomolewa kwa jembe, umemwagwa shimoni kuziba mmomonyoko. Nilienda shimoni nikaangalia. Kulikuwa na vidonge vya udongo na rangi kidogo hapa na pale, kama mayai ya ndege yaliyovunjika. Niliolewa huku Tawa, nikapata msichana, nikapata mvulana, nikamsahau yule binti. Karibu nimsahau.

Halafu mwaka huu msichana wangu, Mwende, aliingia darasa la pili, na shuleni kukaletwa mwalimu mpya. Wiki ya kwanza nikasikia Mwalimu ana nywele nzuri. Wiki ya pili nikasikia Mwalimu hachapi. Nikinyamazisha mtoto, Mwalimu ananyamazisha tofauti. Nikipika, Mwalimu alisema maharagwe yawekwe karoti. Mimi nimembeba huyu msichana tumboni kipindi cha kiangazi, nimemnyonyesha mpaka nikawa kama ufito, na sasa kila sentensi yake inaanza na mwanamke mwingine ambaye hata mama si mama!

Ijumaa moja akaja mbio, mkoba unapiga mgongo, akasema Mwalimu amewaambia hadithi. Kuna kapteni ana helmeti kama sufuria. Kuna fundi mwanamke. Kuna kamba inakatwa.

Niliacha kukata sukuma wiki. "Huyo Mwalimu wako ametoka wapi?"

"Mutomo," akasema. "Na ana pengo hapa mbele."

Sasa unaelewa kwa nini siku ya katoni nilisema nimemshika. Alikuwa na ukuta akiwa mtoto. Sasa alikuwa na mtoto wangu. Na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, nilikuwa na kitu ambacho yeye hana: kurasa zote, mbele na nyuma, zimeshonwa pamoja, na hakuna uji unaozishika.

Jioni ile nilimketisha Mwende kwenye mkeka uani. Sijasoma Kiingereza cha chuo kikuu lakini kidato cha nne nilimaliza, na katuni nitaisoma. Tulikwenda ukurasa kwa ukurasa mpaka tukafika kwenye kamba. Nilifunua.

Vipicha vinne. Kamba inakatika. Fundi mwanamke anapiga kelele. Anazimia. Ndiyo, anazimia! Kapteni anatoka na kitu kama jiko mgongoni kinachotoa moto, anamshika mkono, nguo inararuka, anamwingiza ndani. Anamwambia asitoke nje tena bila ruhusa. Halafu anapewa chai.

Hiyo tu. Hiyo ndiyo ilikuwa nyuma ya ukuta.

Niliisoma tena nikidhani nimekosea Kiingereza. Mwende alikuwa ananiangalia kwa huruma.

"Mama, hapana," akasema. "Hakuzimia. Alisokota kamba hapa pajani."

"Hiki ndicho kitabu chenyewe, Mwende. Waliotengeneza hadithi ndio wameandika hivi."

"Basi hawajui," akasema, akaenda kumfukuza kuku.

Jumatatu nilifika shuleni saa ya chai, kitabu kwenye kiondo. Mwende alinipeleka nyuma ya madarasa, akarudi kucheza, na Mwalimu alikuwa pale akipangusa chaki mikononi. Amenenepa kidogo. Pengo liko pale pale.

"Mama Mwende!" akasema, kana kwamba hatujawahi kuchimba mchanga mmoja. Halafu akakaza macho. "Woi! Ni wewe? Wa kwa mzee wa kanisa?"

"Ni mimi."

"Sasa kwa nini Mwende hajaniambia? Ndiyo maana yule mtoto ni mbishi hivyo! Umeniletea nini, mayai?"

"Nimekuletea ukweli," nikasema, nikakitoa.

Alikichukua. Alipapasa uso wa kapteni na kidole gumba, pole pole. Nikafurahi. Nikamwambia, "Fungua pale kwenye kamba. Unionyeshe ile uliyoiona kabla mama yako hajapaka gundi."

Hakukifungua.

"Sikuona," akasema.

"Ulisema uliona nyuma zote."

"Nilikuwa mtoto. Na wewe ulikuwa unatwanga vizuri sana."

"Kwa hivyo ulikuwa unanidanganya miaka yote hiyo!"

"Wewe!" Alianza kucheka, mkono mdomoni, vile alivyokuwa akicheka kwenye lile jiwe. "Mzungu anatema mate mkononi anasokota kamba pajani, na wewe unaamini? Ulimwona wapi mzungu akisokota?"

"Mama yako ndiye alikuwa anawafulia! Mimi ningejuaje wanafanya nini?"

Tukacheka wote wawili, na nilikasirika kwamba nacheka. Nikamsukumia kitabu. "Haya, soma basi. Ujue."

Alikitazama. Niliona anakitaka, usiniambie hakukitaka, vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania jalada. Halafu akakirudisha ndani ya kiondo changu mwenyewe, akakisukuma mpaka chini.

"Rudi nacho, dada. Ijumaa hao watoto wananingoja. Nikishaona hizo nyuma nitawaambia nini?" Kengele ikalia. Akaanza kwenda, akageuka. "Wewe umeshasoma?"

"Nimesoma."

"Pole," akasema. Na alimaanisha.

Hilo pole ndilo limenikaa kooni mpaka leo. Ningependelea anitukane. Miaka yote nilikuwa namwonea wivu kwa kitu alichokiona, kumbe hakuona kitu. Alikuwa amekaa mbele ya ukuta ule ule niliokaa mimi, ana udongo ule ule. Mimi nilitwanga, nikangoja kupewa. Yeye alijipa. Ule wivu wa kwanza ulikuwa mwepesi, niliweza kujiambia ni bahati, mama yake alipata kazi kwa mzungu. Huu wa sasa sina mtu wa kumlaumu, na ni mzito kuliko mtungi.

Siku hizi hakuna anayebandika karatasi. Nyumba ni za matofali, zimepakwa rangi nusu chini bluu na nusu juu krimu kama zahanati, na watu wa angani wako kwenye televisheni pale hotelini, wanaonekana mbele na nyuma, hakuna kitu kinatazama udongo. Jirani alishazikwa. Daktari alirudi kwao na watoto wake, ambao sasa ni watu wazima mahali fulani kwenye baridi, na hawajui kwamba takataka za stoo yao zilitugombanisha hivi. Kile kitabu kiko juu ya kabati. Mwende hajakiomba. Mimi pia sijakifungua tena, na kama ningeweza kuzirudishia zile kurasa uji wake, ningepika sufuria nzima.

Jana jioni nilikuwa jikoni, muthokoi uko motoni, watoto wako uani chini ya dirisha. Nikasikia Mwende anamwambia ndugu yake hadithi. Kamba inakatwa, imebaki uzi. Nikanyamaza nisikie kusokota. Lakini hakusokota. Alisema yule fundi alikuwa na mama yake huku chini duniani, mama mkali, mkali kabisa, hata nyota zilikuwa zinamkimbia. Na yule mama akatoka uani, akashika kiuno, akamgombeza adui kutoka hapa mpaka kule juu, akamgombeza na majina yake yote, mpaka yule mwenye miguu ya panzi akaangusha kisu.

"Kama mama?" mdogo akauliza.

"Shhh. Atatusikia, na haijaisha."

Muthokoi ulianza kushika chini ya sufuria, nikasikia harufu. Mwiko ulikuwa mkononi mwangu. Ningekoroga wangesikia, wangenyamaza.

Nikauacha uungue.